Mimea ya Kitropiki Ndani ya Nyumba: Anza na Mwanga, Maji Yafuate

Mimea mingi ya kitropiki inayokufa ndani ya nyumba huuawa na maji, na maji hayo huwa mengi kwa sababu mwanga ni haba. Jani hutoa mvuke kupitia vitundu vidogo sana ambavyo kwa mimea mingi viko zaidi upande wa chini. Vitundu hivyo hufunguka mwanga ukiwepo, na kadiri mvuke unavyotoka ndivyo maji yanavyovutwa kutoka mizizini. Mmea uliosogezwa mbali na dirisha huonekana mzima kwa wiki kadhaa, lakini unywaji wake umekwisha kushuka. Ukiumwagilia kama ulivyozoea, udongo haukauki, hewa haipati nafasi kati ya chembe za udongo, mizizi hukosa oksijeni, na vimelea vya kuozesha huingia bila kizuizi. Ndiyo maana ushauri wa "mwagilia mara moja kwa wiki" haufai kitu. Wiki moja karibu na dirisha lenye jua haifanani kabisa na wiki moja kwenye kona ya sebule.

Kwa hiyo tafuta kwanza mahali pa mmea, ndipo ufikirie maji.

Kupima mwanga

Jicho la binadamu hujirekebisha haraka mno, na chumba kinachokutosha kusomea gazeti kinaweza kuwa giza kwa mmea. Nje, jua la mchana likiwaka, mwanga hufika karibu luksi 100,000 (luksi ni kipimo cha ukali wa mwanga). Ndani, mita mbili au tatu kutoka dirishani, mara nyingi hazizidi mia chache. Zipo programu za simu za kupima luksi. Usahihi wake si wa maabara, ila kwa kulinganisha sehemu mbili za nyumba zinatosha. Iweke simu pale majani yatakapokuwa, kihisi kikitazama dirisha, upime katikati ya mchana, siku ya jua na siku ya mawingu.

Kati ya luksi 300 na 1,000 utaweza kuweka sansevieria, aglaonema, pothosi, na zamiokulkasi ambayo wauzaji wengi huiita ZZ. Elewa tu kwamba hapo mimea hii inavumilia, haistawi. Jani jipya litachukua muda mrefu. Kuanzia luksi 1,000 hadi 5,000 ndipo filodendroni, spathifilamu, dracaena na kalathea zinapojisikia nyumbani. Juu ya hapo, hadi luksi 10,000, weka monstera unayotaka itoe majani yenye matundu, mpira wa mapambo, fikasi ya majani mapana, anthuria na krotoni. Krotoni ikikosa mwanga hupoteza rangi zake na kubaki kijani tupu. Monstera gizani hutoa majani madogo mazima yasiyo na mpasuko hata ikiwa na umri mkubwa.

Huna simu ya kupimia? Tandaza karatasi nyeupe mahali penyewe saa za mchana, unyooshe mkono sentimita 30 juu yake. Kivuli chenye kingo zilizo wazi ni dalili ya mwanga mwingi. Kivuli kilichofifia, ila bado unatambua ni mkono, ni mwanga wa kati. Pasipoonekana kivuli chochote, weka picha au kinyago.

Dirisha la mashariki ndilo rahisi kuliko yote: jua la asubuhi ni laini na wengi huliweza. La magharibi hupata jua la alasiri ambalo huchoma, hivyo rudisha mmea nyuma kwa mita moja au weka pazia jepesi. Jani lililoungua na jua lina baka jeupe au la kahawia, kavu kama karatasi, upande ule tu ulioelekea dirisha. Baka hilo haliponi. Mara nyingi linampata mmea uliotolewa kivulini na kuwekwa juani siku hiyo hiyo, kumbe ungezoeshwa taratibu kwa siku 7 hadi 14 usingedhurika.

Dalili za giza ni tofauti: nafasi kati ya jani na jani hurefuka, shina huinama kuelekea dirishani, majani mapya huwa madogo kuliko ya zamani. Sogeza mmea, na kila unapomwagilia zungusha chungu robo ya mzunguko. Futa vumbi kwenye majani kwa kitambaa chenye maji kila baada ya wiki chache, maana vumbi nalo hula mwanga. Usipake mafuta, maziwa wala maganda ya ndizi ili jani ling'ae. Yanaacha utando unaokamata vumbi zaidi. Nyumba isiyo na dirisha la maana inahitaji taa ya LED nyeupe, iwekwe sentimita 30 hivi juu ya majani, iwake saa 12 hadi 14 kwa siku, kisha izimwe.

Kumwagilia

Kabla ya kugusa kopo la maji, gusa udongo. Ingiza kidole hadi kifundo cha pili, au chomeka kijiti kikavu cha mbao hadi karibu na chini ya chungu, ukiache dakika kumi, ukichomoe. Kikitoka na rangi nyeusi na udongo umegandamana nacho, bado kuna maji. Njia nzuri kuliko zote ni uzito: nyanyua chungu mara tu baada ya kumwagilia, ukinyanyue tena siku zinavyokwenda. Baada ya muda mikono yako itajua. Vipima unyevu vya bei rahisi vyenye sindano mbili za chuma havipimi maji yenyewe, vinapima upitishaji wa umeme, kwa hiyo udongo wenye chumvi nyingi za mbolea utavidanganya.

Sansevieria na zamiokulkasi zisubiri hadi udongo wote ukauke. Zamiokulkasi ina viazi vinene chini ya udongo vinavyotunza maji, kwa kuwa asili yake ni Afrika Mashariki na kusini mwake, penye majira marefu ya ukame. Pothosi, monstera, filodendroni na mpira hupewa maji sentimita 3 hadi 5 za juu zikikauka. Kalathea, spathifilamu na kangaga hazipendi kukauka sana: zikikauka sentimita 1 au 2 za juu, zimwagilie.

Ukimwagilia, mwagilia kweli. Mimina polepole kuzunguka chungu chote hadi maji yatoke kwenye tundu la chini. Kwa kawaida hiyo ni kama robo hadi theluthi moja ya ujazo wa chungu. Baada ya nusu saa mwaga maji yote yaliyobaki kwenye kisahani. Vikombe vidogo vidogo vya kila siku vinalowesha juu tu, mizizi ya chini inakauka, na chumvi za mbolea hazipati maji ya kuzishusha. Kuna pia udongo uliokauka kupita kiasi, hasa wenye kokopiti, yaani vumbi la makumbi ya nazi: hujikunja, ukaachana na ukuta wa chungu, na maji hupita pembeni moja kwa moja bila kuulowesha. Ukiona maji yametoka chini ndani ya sekunde chache na chungu bado ni chepesi, kizamishe kwenye ndoo hadi karibu na ukingo kwa dakika 20 au 30, mpaka viputo viache kupanda.

Maji yawe na joto la chumba. Ya baridi yakidondokea majani ya urujuani wa Kiafrika huacha madoa ya kudumu. Kulaza maji usiku kucha kwenye ndoo wazi hupunguza klorini, lakini floridi haiondoki hivyo, na dracaena ni dhaifu sana mbele ya floridi. Ncha zake hukauka na kuwa za kahawia. Hata kalathea husumbuka na maji ya bomba yenye madini mengi. Kinga maji ya mvua kama unaweza. Matone safi yanayoonekana kwenye ncha za majani asubuhi si ugonjwa: mizizi imesukuma maji usiku, na jani limeyatoa. Yakionekana kila siku, udongo umelowa kupita kiasi.

Mtego mkubwa ni mmea unaolegea. Hulegea ukiwa na kiu, na hulegea vilevile mizizi ikiwa imeoza na kushindwa kuvuta maji. Anayeona majani yamelala akakimbilia kopo anaweza kuwa anaumalizia mbali. Shika udongo. Ukiwa mkavu na chungu ni chepesi, mpe maji. Ukiwa umelowa, utoe mmea kwenye chungu uone mizizi. Iliyo hai ni migumu, myeupe au ya rangi ya krimu. Iliyooza ni ya kahawia au nyeusi, laini, ina harufu, na ukiivuta ngozi yake huchomoka na kuacha uzi katikati. Kata yote iliyooza kwa mkasi uliosafishwa kwa spiriti ya asilimia 70, tikisa udongo wa zamani utoke, panda kwenye udongo mpya wenye unyevu kidogo tu, na uchague chungu kinachoenea mizizi iliyobaki hata kama ni nusu ya kile cha mwanzo. Punguza baadhi ya majani, maana mizizi michache haiwezi kunywesha majani yote. Mbolea isubiri hadi jani jipya litoke.

Chungu na udongo

Chungu kiwe na tundu. Ukipenda chombo cha mapambo kisicho na tundu, panda kwenye chungu cha plastiki chenye matundu ukitumbukize ndani yake, na utakitoa wakati wa kumwagilia. Kokoto chini ya chungu hazisaidii, ingawa desturi hii haifi. Maji hayashuki kirahisi kutoka udongo wenye chembe ndogo kwenda kwenye kokoto zenye nafasi kubwa. Hujikusanya kwanza juu ya kokoto, na eneo la tope linapanda karibu zaidi na mizizi. Wavu mdogo juu ya tundu unatosha kuzuia udongo usitoke.

Udongo wa bustani peke yake haufai. Ndani ya chungu hushikana, na hewa inakosa njia. Kwa monstera, filodendroni, pothosi na anthuria changanya kwa ujazo sehemu 2 za kokopiti, sehemu 1 ya perlaiti au pumisi (vijiwe vyepesi vyenye matundu), sehemu 1 ya vipande vya magome ya msonobari vya ukubwa wa sentimita 1 hivi, na nusu sehemu ya mboji iliyoiva na kuchekechwa. Kokopiti ambayo haijaoshwa inaweza kuwa na chumvi, basi iloweke na kuisuuza mara mbili au tatu. Kwa sansevieria na zamiokulkasi ongeza pumisi au mchanga mnene hadi uwe nusu ya mchanganyiko wote. Kalathea na spathifilamu zipunguzie magome, ziongezee kokopiti. Jaribu mchanganyiko kwa kuulowesha na kuukamua kiganjani: ushikane, kisha uvunjike ukiugusa kwa kidole.

Chungu cha udongo wa kuchoma hupitisha mvuke ukutani na hukausha haraka, hivyo humfaa mwenye mkono mwepesi wa maji. Cha plastiki hutunza unyevu, nacho humfaa msahaulifu.

Hamisha mmea mizizi inapochungulia tundu la chini, au inapozunguka ukuta hadi udongo hauonekani, au maji yanapoisha ndani ya siku mbili ilhali zamani yalikaa wiki. Chungu kipya kizidi cha zamani kwa sentimita 2 hadi 5 tu za upana. Kuruka kutoka sentimita 12 hadi 25 ili "kiwe na nafasi ya kukua" ni kuzungushia mizizi udongo ambao haitaunywa maji yake kwa miezi. Mwagilia siku moja kabla ya kuhamisha, geuza chungu ukishikilia shina, legeza mizizi ya nje kwa vidole, weka udongo chini, simamisha mmea kwenye kimo kile kile ulichokuwa nacho, jaza pembeni na kugongesha chungu mezani mara chache. Usishindilie. Acha sentimita 2 chini ya ukingo ili maji yapate pa kusimama. Mwagilia, kisha usiuweke juani kwa wiki mbili.

Joto, hewa na mbolea

Nyuzi 18 hadi 29 za Selsiasi zinatosha kwa karibu mimea yote hii. Chini ya nyuzi 10 au 12 mingi huumia, na madhara huonekana siku chache baadaye kama mabaka meusi yenye maji. Upepo wa kiyoyozi ukipiga majani moja kwa moja hukausha ncha zake. Sogeza mmea au geuza mkondo wa hewa. Unyevu hewani wa asilimia 50 hadi 60 ni mzuri. Kunyunyizia majani maji kwa chupa hupandisha unyevu kwa dakika chache tu, na majani yanayokesha yamelowa hualika madoa ya ukungu. Kukusanya mimea pamoja husaidia kidogo, kifaa cha kuongeza unyevu hewani husaidia kweli. Kwa maoni yetu, anayeishi penye hewa kavu na asiyetaka kifaa hicho aachane na kalathea. Aglaonema ina majani mazuri vilevile na haina makeke.

Mbolea ipewe mmea unaotoa majani. Tumia mbolea ya maji yenye NPK (nitrojeni, fosforasi na potasiamu) ya uwiano unaokaribia 3-1-2, au hata 20-20-20, kwa nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chombo, mara moja kila wiki nne, juu ya udongo uliokwisha kulowa. Utando mweupe juu ya udongo au ukingoni mwa chungu ni chumvi. Pitisha maji safi yenye ujazo mara tatu au nne ya chungu, yatiririke yote chini, kisha ruka mbolea kwa miezi miwili. Mmea mgonjwa haulishwi.

Wadudu

Mmea mpya ukae peke yake wiki mbili hadi tatu. Kila unapomwagilia geuza majani matatu au manne uone chini, maana huko ndiko wanakoanzia.

Utitiri hupenda hewa ya joto na kavu. Jani huwa na vidoa vidogo vya njano kama limechomwa kwa sindano, baadaye utando mwembamba kwenye makutano ya jani na shina. Ligonge jani juu ya karatasi nyeupe: chembe zikitembea, ndio hao. Kwenye joto la nyuzi 27 hivi, yai hufikia utu uzima kwa takriban wiki moja, ndiyo sababu kupuliza dawa mara moja hakusaidii. Vidung'ata ni kama vipamba vyeupe kwenye makwapa ya majani. Waguse mmoja mmoja kwa pamba yenye spiriti ya asilimia 70. Vidugamba hushikamana na shina kama vipele vya kahawia na huacha utomvu wa kunata chini yake. Wakwangue kwa ukucha au mswaki kabla ya dawa, kwani gamba lao huwakinga. Vithiripi ndio wabaya kuliko wote: mabaka ya rangi ya fedha yenye vidoti vyeusi, na majani mapya yaliyopinda. Kata majani yaliyoathirika zaidi ukayatupe nje ya nyumba.

Dawa ya kuanzia kwa wote ni kuosha. Funga chungu kwa mfuko wa plastiki ili udongo usimwagike, peleka mmea bafuni, na uoshe majani pande zote kwa maji yenye nguvu kiasi. Kisha changanya mililita 5 za sabuni laini ya maji isiyo na manukato katika lita 1 ya maji, upulizie mpaka yadondoke, hasa chini ya majani. Sabuni ya unga ya kufulia huunguza, usiitumie. Jaribu jani moja usubiri siku nzima. Sabuni huua mdudu inayemgusa ikiwa bado mbichi, na haiui mayai, kwa hiyo rudia kila siku 5 hadi 7, mara tatu au nne, hata kama huoni kitu. Unaweza kuongeza mililita 5 za mafuta ya mwarobaini katika lita hiyo hiyo. Sabuni ndiyo inayoyafanya yachanganyike na maji. Puliza jioni, kamwe si juani.

Vijinzi vyeusi vinavyoruka ukigusa chungu ni matokeo ya udongo unaolowa daima. Viluwiluwi vyao huishi katika sentimita chache za juu. Acha sehemu hiyo ikauke kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine na uchomeke karatasi za njano za kunasa. Anayewapulizia dawa hewani huku udongo umelowa atanunua dawa kila mwezi.

Kuzalisha mimea mipya

Pothosi, filodendroni na monstera huzaliwa kutokana na kifundo, ule uvimbe wa shina ambapo jani na mzizi wa hewani hutokea. Jani la pothosi lisilo na kifundo linaweza kutoa mizizi na kukaa mwaka mzima bila kuchipua. Kata sentimita 1 chini ya kifundo, ondoa jani lolote litakalozama, tumbukiza kifundo majini, badilisha maji kila siku 3 hadi 5. Pothosi huanza mizizi ndani ya wiki mbili hivi. Ikifika sentimita 5 ipande. Ikikaa majini muda mrefu mno huona taabu kuzoea udongo. Vaa glavu: spathifilamu, pothosi, monstera, zamiokulkasi na hasa difenbakia zina fuwele za oksalati zinazowasha ngozi, na jani likitafunwa huvimbisha mdomo na koo. Mimea hii isiachwe mahali mtoto, paka au mbwa anapoifikia.

Sansevieria hukatwa jani vipande vya sentimita 8 hadi 10. Weka alama upande wa chini, kwa sababu kipande kilichopandwa kichwa chini hakioti. Acha vikauke siku 2 au 3, uvichomeke sentimita 3 ndani ya mchanga wenye unyevu kidogo. Mizizi huchukua wiki kadhaa, chipukizi miezi. Aina yenye mistari ya njano ukingoni usiikate hivyo: machipukizi yatatoka ya kijani bila mistari. Hiyo igawe kwenye shina la chini ya udongo, kila kipande kikiwa na majani yake na mizizi yake.